Furaha Wawili na Meza Tano

Wapendwa wa dawati la Kiswahili,

Mliniaga Ijumaa kwa keki yenye sukari ya kumlaza mtu mzima, na nyinyi ni watu wa afya. Nimewasamehe. Katikati ya zile picha na vicheko, Wanjiru aliniuliza mbele ya watu wote, "Auntie Agnes, kabla uende tuambie ukweli, hizo desktop tano kwa computer moja zilikuwa za nini?" Mkacheka, nami nikacheka, nikasema nitawaandikia. Nadhani mlifikiri ni maneno ya kuagana tu. Leo ni Jumatatu, nimejifunga leso juu ya sweta, nimekaa jikoni kwangu na chai, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuna simu inayonitafuta. Kwa hiyo naandika, na mtasoma mpaka mwisho hata kama ni kwa zamu.

Vyeo sitavigusa. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili kazi ilibaki ileile ila mikutano ikaongezeka.

Nilikuja Minnesota nikiwa nimefundisha shule ya msingi kule Nyamira kwa miaka kumi na mmoja. Kama wengi wetu, nikaanzia nyumba ya wazee, kazi ya kuogesha watu na kuwageuza kitandani. Mgongo ulikubali kwa muda, halafu ukakataa kabisa. Daktari akaniambia nitafute kazi ya kukaa, akasema hivyo kana kwamba kazi za kukaa zimemwagwa barabarani. Bahati nzuri kliniki yetu hapa Saint Louis Park ilikuwa inatafuta mtu wa Kiswahili. Familia za Wakongo zilikuwa zimeanza kufika kwa wingi, wakipiga simu wanajibiwa Kiingereza, wanakata. Niliomba, nikaitwa, nikakuta dawati zima la Kiswahili ni mtu mmoja, Mama Eliwaza.

Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa Mpare wa Same, mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, sweta mwezi wa saba kwa sababu hakupatana na kiyoyozi. Kabla ya kuja huku alifanya kazi masjala, ile ofisi ya kutunza mafaili, katika makao ya wilaya. Siku yangu ya kwanza nilikaa, nikanyoosha mkono kushika kipanya ili aone kwamba kompyuta naijua. Akanipiga kofi dogo mkononi.

"Bado, mwanangu. Mikono mapajani kwanza. Tazama."

Nikatazama. Kompyuta yetu ilikuwa ya zile zenye kisogo kikubwa, na ilifungua ukurasa mmoja kwa kuugua. Mama Eliwaza alifungua rekodi ya mgonjwa, akasoma jina kwa sauti, akaandika alichotaka kuandika, akafunga. Akavuta pumzi, ndipo akafungua ya mwingine.

"Na nikiitwa katikati?" nikamuuliza.

"Ukiitwa katikati, unafunga, halafu unaitika. Kule masjala sheria ilikuwa faili moja mezani. Mkuu wa wilaya aje mwenyewe na haraka zake, la kwanza linarudi kabatini ndipo la pili litoke. Niliwahi kuona barua ya shamba la mtu imewekwa kwenye faili la jirani yake. Yule bwana alihangaika hadi akaota mvi."

Nilimwona mtu wa kizamani. Sikumwambia, lakini uso wangu haujui kuficha mambo, na yeye alikuwa na macho. Alinisoma, akaendelea kunifundisha vilevile. Ni yeye aliyenionyesha kwamba barua ya Kiingereza ikisema saa 3:00, yaani saa tisa alasiri, baba mmoja wa Bukavu atafika saa tatu asubuhi, atakaa mapokezi na watoto wake wanne hadi mchana, wala hatalalamika, kwa sababu kwake yeye ndiye aliyewahi na daktari ndiye aliyechelewa. Tangu hapo sikutaja saa kwenye simu bila kusema kama ni kabla au baada ya chakula cha mchana. Ni yeye pia aliyeniambia nisikubali haraka neno "ndiyo" la mgonjwa wetu. Watu waliopita kambi za wakimbizi wamejibu maswali ya maofisa wengi, na wamejifunza kwamba "ndiyo" ndiyo inayofupisha mahojiano.

Alipostaafu akahamia Lakeville kwa binti yake, kutunza wajukuu na kukosoa bustani ya jirani. Dawati likawa langu.

Hapo ndipo nilipoharibika, na niliharibika huku nikisifiwa. Tulipewa kompyuta mpya, skrini mbili pana, na kila kitu kikahamia kwenye kivinjari: rekodi za wagonjwa, kalenda, ukurasa wa kuita wakalimani, ukurasa wa kuagiza magari ya kuwaleta, ramani, orodha ya dawa. Kila jambo na dirisha lake. Mgonjwa akipiga simu, ninafungua dirisha lake. Kabla sijamaliza anapiga mwingine, ninafungua jingine juu ya lile la kwanza. Kufunga niliona ni kupoteza muda, kwa kuwa yule wa kwanza atapiga tena. Kufikia mchana nilikuwa na madirisha arobaini yamelaliana, na juu ya kila dirisha safu ya tab zilizobanana hadi jina la mtu linakatwa, zinabaki herufi tatu. Bah, Bah, Muk, Bah. Nilijua kila moja iko wapi. Angalau nilisema najua. Wageni wakitembelea kliniki, meneja wetu Doug, Mmarekani mpole anayependa sana michoro ya takwimu, aliwaleta kwenye kiti changu wanione nikiruka kutoka dirisha hadi dirisha. Nilijiona fundi. Mama Eliwaza angeniona angenipiga kofi la pili, na safari hii lisingekuwa dogo.

Sasa niwaeleze kitu ambacho nyinyi mnakijua kwa mazoea lakini huenda hamjawahi kukitazama vizuri. Wagonjwa wetu wengi waliotoka mashariki ya Kongo wamezaliwa tarehe moja Januari. Yaani karatasi zao zinasema hivyo. Mtu alifika kambini bila cheti, akaulizwa tarehe, akajua mwaka kwa kukisia, ofisa akajaza siku ya kwanza ya mwaka ili fomu isirudi. Ndiyo maana kila Mwaka Mpya mashine yetu inatuma salamu za siku ya kuzaliwa kwa karibu kijiji kizima. Majina nayo ni yale ambayo wazazi wa kule wanayapenda: Furaha, Bahati, Zawadi, Mapendo. Sheria ya kliniki, na ya kila kliniki niliyowahi kuisikia, ni kwamba ukimpigia mtu simu unathibitisha vitu viwili, jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Aliyeitunga sheria hiyo hakuwahi kukaa kwenye kiti chetu.

Tulikuwa na Furaha Bahati wawili. Majina nimeyabadilisha, na mmoja wao ameniruhusu mwenyewe niandike habari hii. Tarehe moja Januari, mwaka uleule, wote wawili. Furaha wa Richfield alikuwa mama wa makamo mwenye vali ya chuma moyoni, aliyetakiwa kumeza kidonge cha kuzuia damu kuganda kila siku ya maisha yake. Furaha wa Saint Paul alikuwa anameza kidonge hichohicho kwa sababu ya mguu uliowahi kuganda damu, na Alhamisi alitakiwa kwenda kufanyiwa upasuaji wa nyongo.

Ijumaa kabla ya Alhamisi hiyo, muuguzi wetu Judy aliniandikia ujumbe nimpigie Furaha wa Saint Paul, aache kidonge kuanzia kesho yake hadi tutakapomwambia. Ujumbe ulikuwa kwenye dirisha lake. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimefungua dirisha la Furaha wa Richfield ili nimwagizie gari la kuja kupima damu. Yote mawili yalikuwa wazi, moja juu ya jingine, jina moja, tarehe moja, rangi moja. Nilisoma maagizo kwenye la kwanza, simu nyingine ikalia, nikajibu, nikarudi, nikachukua namba kutoka kwenye la pili.

"Haloo, ni Furaha Bahati?"

"Ndiyo, mama."

"Tarehe ya kuzaliwa?"

"Moja, mwezi wa kwanza." Akataja na mwaka.

Nikaweka alama mbili kwenye fomu. Nikamwambia daktari amesema aache kile kidonge cha damu kuanzia kesho, tutampigia kumwambia lini akirudie. Kukawa kimya kidogo. Halafu akasema, "Sawa mama, Mungu akubariki." Nikaandika saa, nikaandika jina langu, nikahamia kwa mtu mwingine. Mama Eliwaza alinifundisha kutoamini haraka ndiyo ya namna hiyo, nami ule ukimya sikuusikia.

Jumanne asubuhi ilikuja simu kutoka Saint Paul.

"Mama, njo nikuulize. Operesheni ni kesho kutwa, na niko nakunywa kila siku ile dawa ya damu. Hapana kuacha?"

"Si nilikupigia Ijumaa?"

"Hapana. Hakuna mutu alinipigia."

Nilirudi kwenye fomu yangu, nikaisoma namba niliyokuwa nimeipiga. Nilijua saa hiyohiyo, bila kuambiwa na mtu. Siku tatu mtu mwenye chuma moyoni alikuwa hajameza dawa yake kwa sababu mimi nilimwambia asimeze, na hiyo ilikuwa inaanza kuwa ya nne.

Nilimpigia mara tatu, hakuchukua. Nilikimbia kwa Judy, nikamwambia maneno niliyoyaogopa maisha yangu yote, kwamba nimemwambia mgonjwa asiye yeye. Judy hakupandisha sauti. Alimpigia daktari kwa ajili ya wote wawili, akaniambia, "Wewe unapajua kwake. Nenda, simu iwe mkononi." Niliendesha hadi Richfield katikati ya theluji ya mwezi wa pili, nikiomba kwa Kikisii, lugha ninayoombea mambo makubwa.

Alinifungulia Furaha mwenyewe, ambaye tulizoea kumwita Mama Esther kwa jina la binti yake. Simu ilikuwa mezani, yeye alikuwa chumba cha chini anafua. Alifurahi kuniona, na hilo ndilo lililonikata maini.

"Karibu mama! Njo uikale, niweke chai."

"Mama Esther, achana na chai. Unajisikiaje?"

"Niko muzuri. Ni huu mukono tu, tangu asubuhi unalala. Niliangusha kikombe."

Mkono wa kushoto. Nikapiga simu ya dharura nikiwa nimesimama mlangoni, viatu vimejaa theluji. Gari lilipofika, binti yake Esther alikuwa ameshafika kutoka darasani. Anasomea uuguzi, anaelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza. Alinitazama na kuuliza, "Auntie, who told her to stop?"

"Mimi," nikamwambia.

Nilitaka kuongeza maneno, kueleza madirisha, tarehe, majina. Neno moja lilitosha na lilikuwa la kweli.

Damu ilikuwa imeganda kidogo, ikaelekea kichwani. Walimwahi. Alilazwa siku kadhaa, akaanza tena dawa, akatembea mwenyewe kutoka hospitali. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikurudi sawasawa. Hadi leo hawezi kutia uzi kwenye sindano, na yeye ndiye aliyekuwa akiwashonea wanakwaya wa kanisa lao.

Nilimtembelea siku ya pili. Nilipiga magoti kando ya kitanda, si kwa kuigiza. Nikamwomba msamaha, kisha nikamuuliza swali lililokuwa likinila: kwa nini hakuuliza? Alijua kidonge kile ni cha maisha. Daktari alimwambia, mimi mwenyewe nilimfasiria.

"Nilijua haiko sawa," akasema. "Lakini ni weye ulisema, na Kiswahili. Kama ni muzungu alinipigia, ningeuliza: docteur anajua? Lakini weye uko mutu wetu."

Wapendwa, nimelia mara chache kazini. Siku hiyo nililia hadi muuguzi wa zamu akaja kuona nani anakufa. Tulikuwa tumeajiriwa kwa sababu ya lugha. Lugha ileile ndiyo iliyomfanya mama wa watu anyamaze.

Kamati ya kuchunguza ilikaa. Waliniuliza kwa nini sikuthibitisha. Nikawawekea rekodi mbili mezani, nikawaomba wanionyeshe ni swali gani kati ya yale mawili lingewatenganisha wanawake hawa. Wakaongeza swali la tatu, la anwani, kwa wagonjwa wote. Sikuwaachia wafikiri kwamba kosa ni la fomu pekee. Niliandika kwa mkono wangu kwamba nilikuwa na madirisha arobaini wazi na kwamba hiyo ilikuwa tabia yangu.

Doug, kwa wema wake, akanipa nafasi ya kuhamia mapokezi nipumzishe kichwa. Nilimwambia nashukuru, lakini nitabaki kwenye kiti kilekile. Nikiondoka mimi, atakaa mwingine na ataona kompyuta ileile, tarehe zilezile, na hataambiwa kitu. Nisingetoka hapo hadi niwe nimeitengeneza hiyo kazi upya.

Wikendi ile nilienda Lakeville. Mama Eliwaza alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Kwa hiyo kabati ulikuwa nalo. Ukaliacha wazi ukamwaga yote mezani."

"Siku hizi hatuwezi kufungua na kufunga kila mara, Mama. Simu ni nyingi. Watu watano wananisubiri kwa wakati mmoja."

"Basi tafuta meza tano," akasema, akaenda kuangalia wali wake.

Nilikasirika njia nzima kurudi. Jumatatu nikamsimulia kijana wa kompyuta aliyekuja kubadilisha waya, kwa kumcheka tu yule bibi. Hakucheka. Akabonyeza vitufe viwili, na skrini yangu ikanionyesha kwamba kompyuta niliyokaa nayo miaka yote inaweza kukupa meza nyingi, ndizo hizo desktop, kila meza na madirisha yake, na ukiwa kwenye moja huzioni nyingine. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia atoke nijaribu mwenyewe.

Haikuwa rahisi, na nataka mjue makosa yangu ili msiyarudie. Mwanzoni niligawa meza kwa aina ya kazi: moja ya rekodi, moja ya magari, moja ya kalenda. Upuuzi mtupu, kwa sababu meza ya rekodi ilikuwa na akina Furaha wote wawili wamekaa pamoja kama zamani. Meza ni ya mtu. Kila kitu cha mtu huyo, rekodi yake, gari lake, ramani ya kwake, kinakaa hapo, na hakuna kitu cha mwingine. Meza ya kwanza ni yangu, ina barua na kalenda, mgonjwa hakanyagi. Nne zilizobaki ni za wagonjwa wanne. Wa tano atasubiri, na nimegundua kwamba watu husubiri vizuri sana ukiwaambia ukweli.

Meza ipe jina, lakini si jina la mgonjwa, maana ndilo lililotudanganya. Mimi niliandika mtaa na mtoto wa kwanza: Richfield, Mama Esther. Ipe na rangi. Nilianza na picha nzuri nzuri, maziwa na mashamba ya chai, zikanichanganya. Rangi tupu inatosha: nikiona kijani najua niko kwa nani kabla sijasoma herufi.

Kisha kuna mitego. Ukibonyeza kiungo kwenye barua, kompyuta hupenda kukifungua kwenye dirisha la kivinjari ulilolitumia mwisho, hata kama liko meza nyingine, na unajikuta umevutwa kwa mgonjwa mwingine bila kubisha hodi. Kwa hiyo nenda kwanza kwenye meza ya mtu wako, fungua dirisha jipya, ndipo ubandike kile kiungo. Mtego mbaya zaidi ni wa kufunga. Ukiifunga meza, madirisha yake hayafungwi, yanahamia meza ya jirani. Siku nilipoligundua hilo nilisimama nikazunguka ofisi nzima kutuliza moyo. Funga madirisha moja moja, hakikisha meza ni tupu, halafu uifunge. Na usiache kitu wazi ukienda nyumbani. Kompyuta hujizima na kujiwasha ili ijisasishe, na asubuhi unakuta watu wote umewarundika mahali pamoja.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa wa mwisho kwenye michoro ya Doug. Aliniita ofisini akanionyesha mstari wangu ukiteremka. Nilimwambia, "Doug, mstari ule wa juu ulimpeleka mama wa watu hospitali." Hakuniita tena. Baadaye kasi ilirudi yenyewe, ingawa hadi kustaafu sikuwahi kuitazama.

Wanjiru, ulipokuja ulikuwa na haraka kama mimi wa zamani. Unakumbuka?

"Auntie, hizi desktop zinani-slow down. Si ni-search tu jina, inakuja?"

"Inakuja. Swali ni nani amekuja."

Ulinuna wiki mbili. Nilikubana kwa sababu nilikupenda, na kwa sababu niliogopa.

Nimefika kwenye wiki yangu ya mwisho. Mnajua nilikuwa nikipitisha wagonjwa wangu kwa Wanjiru mmoja mmoja, kwa simu, ili wasikie sauti mpya nikiwapo. Mama Esther nilimweka mwisho kabisa. Kwa miaka yote hii nilimpigia mimi mwenyewe, nikimwuliza yale maswali matatu kabla ya kutamka neno jingine, na yeye akayajibu kwa subira, hata tulipokuwa tumeonana kanisani siku iliyotangulia. Siku hiyo nilifungua meza yake, nikaweka simu kwenye spika, Wanjiru akakaa pembeni. Alipochukua simu, nilisahau maswali yote matatu.

"Mama Esther, ni mimi Agnes. Nimekupigia kukuaga, na kuna jambo la dawa yako nataka..."

"Ngoja," akasema.

Nikangoja.

"Unatafuta Furaha gani?"

Nilicheka. "Mama, si unanijua sauti?"

"Sauti najua. Mimi nauliza, unatafuta Furaha gani? Wa wapi? Anakunywa dawa gani, na sababu gani?"

Wanjiru alinitazama. Nilikuwa nimetumia miaka yote kupanga upande wetu wa simu, meza, rangi, maswali, na sikuwahi hata mara moja kuwaza kwamba upande ule mwingine kuna mtu anayeweza kupanga wake. Hakuna aliyemfundisha. Alijitengenezea mwenyewe, na mtu wa kwanza kuzuiwa naye mlangoni nilikuwa mimi.

Nilikaa wima kwenye kiti. Nikamwambia namtafuta Furaha Bahati wa Richfield, mama yake Esther, mwenye vali ya chuma moyoni, anayemeza kidonge cha kuzuia damu kuganda kila jioni, na ambaye hatakiwi kukiacha hata siku moja, hata kama ni mimi nitakayemwambia akiache.

"Ni miye huyo," akasema. "Sasa sema, nasikia."